Maswali na majibu: Je, niondoe Windows 10 dukani na kuweka Linux?

SUALI: Assalaamu alaykum. Nina duka dogo la kuchapa na fotokopi hapa Chake Chake, lenye kompyuta mbili za mezani za HP. Zina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM ya GB 4 na diski za kawaida. Zote zinatumia Windows 10, ambayo naambiwa haihudumiwi tena, na Windows 11 haizikubali. Wateja huja na fleshi zilizojaa virusi, na kila baada ya miezi miwili mitatu namwita fundi azisafishe. Mpwa wangu anayesoma chuo Unguja ananishauri nifute kila kitu niweke Linux, kwa kuwa ni ya bure na haina virusi. Kazi zangu ni barua, wasifu wa waombaji kazi, kadi za mialiko na za khitma, shahada za madrasa zenye maandishi ya Kiarabu, picha za pasi, na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Nimfuate?

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Mpwa wako hakukosea kuhusu Linux. Amekosea pale aliposema ufute kila kitu. Riziki ya duka la kuchapa ni karatasi inayotoka kwenye printa vile vile mteja alivyoitaka, na kwa kipimo hicho ndivyo nitakavyokujibu.

Ni kweli kwamba Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na muda wa nyongeza iliowapa watumiaji binafsi waliojiandikisha ulipangwa kumalizika Oktoba 2026. Kompyuta haizimiki siku hiyo ikifika. Kinachotokea ni kwamba tundu la usalama likigunduliwa halizibwi tena, na mashine inayopokea fleshi za watu kutwa nzima haifai kukaa na matundu. Ni kweli pia kwamba prosesa zako, ambazo ni za mnamo mwaka 2012, hazimo katika orodha ya Windows 11, inayotaka Intel ya kizazi cha nane au zaidi pamoja na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Wapo mafundi wanaojua kuilazimisha ikubali, lakini Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine iliyolazimishwa, na hapo utakuwa umehama nyumba na kunguni wako.

Linux yenyewe ni kiini tu cha mfumo endeshi, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Ufini. Wanaokichukua kiini hicho na kukifungasha pamoja na madirisha, programu na zana za kusakinishia ndio wanaotoa matoleo yenye majina mbalimbali kama Debian, Ubuntu, Fedora na Mint. Usijisumbue kuyalinganisha. Kwa mtu aliyezoea Windows na mwenye RAM ya GB 4, mimi hupendekeza Linux Mint yenye mandhari ya Xfce, kwa sababu ni nyepesi, menyu yake iko pale pale chini kushoto ulikozoea, na mfululizo wake wa 22 unahudumiwa hadi mwaka 2029. Leseni inakuruhusu kuiweka katika mashine zako zote mbili, na ya jirani pia akitaka.

Kuhusu virusi, maneno ya mpwa wako yanahitaji kunyooshwa kidogo. Ile fleshi ambayo ukiifungua unakuta mafaili ya mteja yamegeuka vishale vya njia ya mkato huwa imebeba programu ndogo iliyoandikwa kwa ajili ya Windows. Ukiichomeka kwenye Linux, programu hiyo haipati pa kuendeshwa. Unaiona imelala pale pamoja na folda halisi iliyofichwa, unaitoa folda, unafuta vishale, na mteja anapata barua yake. Kwa kazi hiyo moja tu, Linux ingekupunguzia safari nyingi za fundi. Hata hivyo, usiposafisha fleshi itaendelea kubeba maradhi hadi duka linalofuata, na ukurasa wa kitapeli unaomwomba mteja neno la siri humwibia vile vile, awe kwenye Windows au kwenye Linux.

Sasa tuzipitie kazi zako. Fomu za mtandaoni hazina shida, kwa kuwa kivinjari ni kile kile, iwe Firefox inayokuja na Mint au Chrome utakayoiongeza mwenyewe. Picha za pasi zinawezekana kwa programu huria ya GIMP, lakini ikiwa mikono yako imezoea Photoshop, jua kwamba Photoshop haitengenezwi kwa Linux, na wiki za mwanzo picha ambayo ungeimaliza kwa dakika mbili itakuchukua kumi.

Nyaraka ndizo zinazotaka uangalifu. Badala ya Word utatumia LibreOffice, ambayo hufungua na kuhifadhi mafaili ya Word. Barua ya kawaida haitakusumbua, kwa sababu hati (yaani mitindo ya herufi) za Calibri na Times New Roman zinapokosekana, programu huweka badala yake Carlito na Liberation Serif, ambazo herufi zake zilipimwa ziwe na upana ule ule, hivyo mistari hukatika palipokusudiwa. Matatizo huanzia kwenye wasifu uliojengwa kwa majedwali yaliyopandana na visanduku vya maandishi, kwa kuwa kisanduku kimoja kikihama nusu sentimita, ukurasa wa kwanza unamwagika kwenye wa pili. Mteja akija na faili la aina hiyo, mwombe alete na PDF, au lifungue kwenye mashine yenye Word.

Shahada za madrasa zina jambo lao. LibreOffice huandika Kiarabu kutoka kulia bila tatizo, mradi uwashe sehemu ya lugha hizo katika mipangilio na uongeze kibodi ya Kiarabu. Lakini shahada ulizokwisha kuzitengeneza bila shaka zimetumia hati za Windows kama Traditional Arabic, ambazo hazimo kwenye Linux wala kwenye furushi la hati za Microsoft linalopatikana huko bure. Programu itaweka hati nyingine, basmala iliyokuwa imejaa mstari mzima itasinyaa au kuvuka mpaka wa fremu, na irabu zinaweza kukaa juu ya herufi kwa namna isiyompendeza maalim. Hati ninayoitumia mimi ni Amiri, ambayo ni huria na iliundwa kwa kufuata chapa ya zamani ya matbaa ya Bulaq ya Cairo. Irabu zake hukaa vizuri, na kwa macho yangu inapendeza kuliko ile ya zamani. Hata hivyo, itakubidi uzipange upya shahada zako moja moja, na kazi hiyo usiianze wiki ya mahafali.

Printa ndiyo iliyowahi kuniaibisha. Ofisi moja hapa Unguja iliniita nihamishe kompyuta zake, nikajaribu intaneti, sauti na nyaraka, vyote vikafanya kazi, nikasakinisha. Asubuhi yake wakagundua kwamba printa yao ndogo ya leza haikuwa na draiva ya Linux, yaani programu ya kuiendeshea printa, kwa sababu ilikuwa ya ile aina inayoitegemea kompyuta iipangie ukurasa mzima kwa lugha anayoijua mtengenezaji peke yake. Siku mbili hawakuchapa hata stakabadhi, na siku ya tatu niliwarudishia Windows bila kudai malipo. Printa za HP kwa kawaida huwa na afadhali, kwa kuwa HP yenyewe hutoa programu huria ya kuziendesha kwenye Linux, na nyingi za Epson zenye matangi ya wino nazo hukubali. Za kampuni nyingine, na hasa leza za bei ndogo, nisingeziamini mpaka nione karatasi imetoka.

Habari njema ni kwamba unaweza kuiona karatasi hiyo kabla ya kugusa diski yako. Tafuta mtu mwenye intaneti isiyohesabiwa akupakulie faili la Mint, kwa sababu ni karibu GB 3 na si la kumalizia bando lako la wiki, kisha aliandike kwenye fleshi ya GB 8 kwa programu kama Rufus. Fleshi hiyo itafutwa yote, kwa hiyo usimpe yenye kazi za wateja. Izime kompyuta, chomeka fleshi, iwashe huku ukibonyeza F9 mara kwa mara, na kwenye HP nyingi utaletewa orodha ya kuchagua pa kuanzia. Chagua fleshi. Baada ya muda kidogo utaona Mint kamili kwenye kioo, ikiendeshwa kutoka kwenye fleshi, na alama ya kusakinishia ikiwa juu ya kioo. Alama hiyo iache kabisa kwa sasa. Unganisha printa na uchape shahada moja, skani kitambulisho kimoja, fungua mafaili kumi ya wateja yaliyo magumu kuliko yote, na ingia kwenye tovuti unazozijazia fomu. Usishangae ikienda polepole, kwa sababu fleshi ni nzito kuliko diski, na ukizima, yote uliyoyabadilisha husahaulika, hata draiva uliyoiongeza. Fanya hivyo jioni mbili tatu baada ya kufunga duka.

Matokeo yakiwa mazuri, bado sikushauri ufute. Nunua diski moja ya SSD, yaani ile ya kisasa yenye kasi isiyo na sahani ya kuzunguka, ya GB 240, mwambie fundi atoe diski ya zamani kwenye kompyuta moja na aifunge mpya mahali pake, kisha Mint isakinishwe humo. Nitasema jambo ambalo wapenzi wenzangu wa Linux hawalipendi: sehemu kubwa ya wepesi utakaouona itatokana na SSD, na ungeuona hata ungebaki na Windows. Faida kubwa zaidi ni kwamba diski yako ya zamani itakuwa kabatini, ikiwa na Windows yako na mafaili yako kama yalivyo, na siku mambo yakienda kombo, fundi anairudisha kwa robo saa. Njia hii naiona bora kuliko kuweka mifumo miwili kwenye diski moja, kwani huko ndiko watu wanakochagua kimakosa kufuta diski nzima, na umeme ukikatika katikati ya kazi ya kugawa diski, hasara inaweza kuwa ya kila kitu.

Kompyuta hiyo iwe ya kupokea fleshi zote za wateja, kusafisha, kuskani na kujaza fomu. Ya pili ibaki na Word na Photoshop kwa muda, ihamishie mafaili yaliyokwisha kusafishwa tu, na usiitumie kuvinjari mtandao. Baada ya miezi mitatu utajua ni mara ngapi ulilazimika kuiendea ile ya pili na kwa kazi zipi, na uamuzi wa kuihamisha nayo utautoa kwa hesabu hiyo.

Printa ikikataa katika majaribio ya fleshi, niandikie jina lake lote kama lilivyo kwenye kibandiko cha nyuma, pamoja na herufi za mwisho, kwa sababu printa mbili zenye namba moja zinaweza kutofautiana kwa herufi hiyo tu, na moja ikakubali Linux na nyingine ikakataa.