P0456 inarudi hata baada ya kubadili kifuniko cha tangi: pima vali ya paji kabla ya kununua kitu kingine

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Taa ya injini imewaka, mashine ya diagnosi inasoma P0456, yaani msimbo wa uvujaji mdogo kwenye mfumo wa mvuke wa petroli, ukanunua kifuniko kipya cha tangi, ukafuta msimbo, taa ikakaa kimya siku nne kisha ikarudi. Halafu mwishoni umetaja jambo moja kama vile halina uzito: ukitoka kujaza mafuta gari linasumbua kuwaka, unapiga stata mara tatu. Mimi ningeanzia hapo hapo kwenye stata. Hali hiyo hiyo nimeishi nayo karibu miezi minane, na nilinunua vipuri vitatu kabla sijapima kitu hata kimoja.

Petroli iliyo kwenye tangi hutoa mvuke muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa. Mvuke huo hauachiwi utoke nje. Hupitia mpira hadi kwenye kanista, lile kopo lililojaa punje za mkaa zinazounasa. Injini ikishapata moto, kompyuta hufungua vali ya paji, ile solenoidi ndogo (vali ya umeme) iliyo karibu na manifodi ya hewa, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, na injini hunyonya mvuke kutoka kwenye mkaa na kuuchoma pamoja na mafuta mengine. Hewa safi ya kujaza nafasi huingia kupitia vali ya venti, upande wa pili wa kanista. Kwenye magari mengi, paji ikikosa umeme hujifunga, venti ikikosa umeme hubaki wazi. Hilo likae kichwani, maana vipimo vyote ninavyoeleza hapa chini vinalitegemea.

Kompyuta ikitaka kujua kama kuna uvujaji, huziba njia zote kisha huangalia kama tangi linashikilia presha au mvuto. P0455 ni uvujaji mkubwa, wa mpira uliochomoka au kifuniko kilichosahaulika. P0442 ni tundu la kama milimita 1. Hiyo P0456 yako ni dogo zaidi, kama milimita 0.5. Sasa fikiria ukubwa huo kwenye mfumo unaoanzia mdomo wa tangi nyuma ya gari hadi kwenye injini mbele, wenye viungo na sili chungu nzima. Msimbo umekwambia jaribio lililofeli, haujakwambia kipuri kilichokufa. Ndiyo maana kifuniko kipya hakikusaidia. Si kwamba ulikosea kuanza nacho, kwa sababu sili ya kifuniko ikikauka au kupasuka huleta msimbo huo huo. Ila kabla ya kukitupa cha zamani, pitisha kidole kwenye mdomo wa tangi pale sili inapokaa. Ukikuta kutu au mkwaruzo, hata kifuniko bora kiasi gani hakitakaza.

Turudi kwenye stata. Unapojaza mafuta, petroli inayoingia inasukuma mvuke wote uliokuwa juu ya tangi kuelekea kwenye kanista. Kama vali ya paji inafunga sawasawa, mvuke unaishia hapo. Kama imekwama wazi, au inafunga nusu nusu, mvuke unapita moja kwa moja hadi kwenye manifodi, na injini inakutana na mchanganyiko mzito kupita kiasi. Ndiyo sababu inagoma pale sheli tu, na asubuhi inawaka vizuri. Kwangu, nilipokanyaga mafuta hadi chini huku nikipiga stata, iliwaka kwa kukohoa kisha ikatulia, kwa kuwa magari mengi ukifanya hivyo hukata mafuta ya nozeli na kuingiza hewa tupu. Jaribu hivyo safari ijayo. Ikiwaka, una ushahidi wa kwanza.

Ushahidi wa pili unaupata bila kununua chochote. Injini ikiwa ya baridi, washa, iache kwenye sailensa, yaani izunguke taratibu bila kukanyaga mafuta. Chomoa ule mpira unaotoka kwenye kanista kuingia kwenye vali ya paji, upande wa kanista, kisha ziba mdomo wa vali kwa kidole gumba. Wakati huo, kwa kawaida, kompyuta haijaanza kuifungua, kwa hiyo usisikie mvuto wowote. Mimi kidole kilinaswa. Nikachomoa plagi ya umeme ya vali na mvuto ukaendelea vile vile. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tatizo halikuwa la umeme wala la kompyuta, vali yenyewe ilikuwa imekwama. Kwako mvuto ukikoma baada ya kuchomoa plagi, usiitupe vali. Maana yake kuna kitu kinaipa umeme: huenda ni kompyuta kwa amri halali, huenda waya wake umechubuka na kugusa bodi. Rudia injini ikiwa ya baridi kabisa kabla ya kuamua. Ukitaka uhakika zaidi, fungua vali, ishike mkononi bila umeme, ipulize kwa mdomo kupitia kipande cha mpira safi. Hewa isipite hata kidogo. Na hapa wengi huteleza: vali inayopitisha hewa kidogo tu haileti shida ya kuwaka kila mara, lakini kwenye jaribio la uvujaji linalofanyika gari likiwa limezimwa inahesabika kama tundu. Kwa hiyo P0456 na stata ngumu vinaweza kuwa ugonjwa mmoja.

Vali yangu nilipoitoa niliigonga taratibu juu ya kitambaa cheupe. Zikadondoka punje nyeusi. Tafadhali usiruke hatua hiyo. Punje hizo ni mkaa wa kanista, na zikishafika kwenye vali maana yake kanista imepasuka ndani. Ukifunga vali mpya bila kushughulikia kanista, punje nyingine zitakuja kukaa kwenye kiti cha vali na utarudi ulikotoka. Mimi nilifunga mpya nikafurahi wiki mbili. Ya pili ilikwama kama ya kwanza. Nikashusha kanista, nikaitikisa, ikalia kama kayamba, na ndani kulikuwa na petroli ya maji maji inayocheza.

Petroli ilifikaje huko? Kwa mkono wangu. Nilikuwa na tabia ya kuongeza baada ya mkono wa pampu kujikata wenyewe, nizungushe namba zifike mduara. Mkono unapojikata ni kwa kuwa mafuta yamefika kwenye mdomo wa bomba. Ile nafasi inayobaki juu ya tangi imeachwa kwa ajili ya mvuke na mafuta kutanuka. Ukiijaza, petroli yenyewe inasukumwa kwenye njia ya mvuke, na mkaa uliotengenezwa kunasa mvuke haurudi salama ukiloweshwa. Tangu siku hiyo mkono ukijikata mara ya kwanza nafunga kifuniko na kuondoka. Kama wewe una tabia hiyo, iache leo, hata kabla ya kupima lolote.

Nikabadili kanista. Mipira miwili niliichomoa pande zote mbili na kuipuliza hadi punje zikaisha, ikiwa imetenganishwa kabisa na tangi. Nikafunga vali nyingine, stata ikawa nzuri, nikafuta msimbo. Baada ya siku sita P0456 ikarudi. Nilikaribia kukata tamaa, kusema kweli. Lakini safari hii sikununua kitu. Nilikwenda kwa fundi mwenye mashine ya moshi.

Mashine hiyo husukuma moshi mwepesi ndani ya mfumo kwa presha ndogo mno, kama kilopaskali 3 hadi 4. Usikubali mtu akuletee kompresa ya kujazia matairi. Presha yake inaweza kuvimbisha tangi, kupasua sensa ya presha ya tangi na kukutengenezea uvujaji ambao hukuwa nao. Tena, kuchanganya hewa na mvuke wa petroli kwenye tangi ni kuandaa moto, ndiyo maana mafundi makini hutumia naitrojeni au kaboni dioksidi kubebea moshi. Nimeona watu wakijitengenezea mashine kwa kopo na waya unaowaka. Ndugu yangu, kwenye tangi la petroli usithubutu. Na kwa kazi yoyote ya mfumo huu, fanyia mahali penye hewa, bila sigara wala taa ya moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya usipoutarajia.

Namna alivyofanya fundi ilinifunza mengi. Aliamuru vali ya venti ifunge kwa mashine ya diagnosi (bila mashine hiyo, ungeziba mpira wa venti). Moshi akauingiza upande wa injini, mpira ulipochomolewa kwenye paji. Kisha akafungua kifuniko cha tangi hadi moshi ulipotokea mdomoni, ndipo akakifunga. Bila hivyo hewa iliyonaswa tangini inauzuia moshi usifike kote, na utadhani mfumo ni mzima. Baadaye aliunga moshi kupitia paji yenyewe, akachungulia kwenye throto, mlango wa hewa wa injini. Moshi ukionekana huko, paji inavuja. Kwangu haukuonekana. Akazima taa za gereji, akazunguka na tochi moja kali. Dakika kumi hivi hakuna kitu. Akainua kiti cha nyuma, akafungua kile kifuniko cha chuma kinachofika kwenye pampu ya mafuta, na pale pembeni ya pete ya pampu kulikuwa na uzi mwembamba wa moshi unapanda.

Pampu ya mafuta ilikuwa imebadilishwa mwaka mmoja kabla, na aliyeibadilisha alirudishia sili ile ile ya zamani. Sili ya pale ikishakaa kwenye petroli huvimba, na ukiitoa haikai tena kwenye mfereji wake. Ilikuwa imejikunja sehemu moja, kama urefu wa ukucha. Kipuri kidogo kuliko vyote nilivyonunua, na taa haijawaka tena tangu hapo. Kwa hiyo swali langu kwako: je, tangi au pampu yako imewahi kuguswa? Kama ndiyo, mwambie fundi wa moshi aanzie chini ya kiti.

Vali ya venti hujaitaja, ila iangalie kwa macho. Hukaa chini ya gari upande wa nyuma, inakula vumbi na tope. Ikikwama wazi unapata misimbo ya uvujaji, ikiziba utaona mkono wa pampu unajikata kila baada ya lita chache, au ukifungua kifuniko tangi linavuta hewa kwa nguvu. Mwaka 2011 Mazda iliyaita magari ya Mazda6 nchini Marekani yarudi kurekebishwa kwa sababu buibui walikuwa wanajenga utando kwenye njia hiyo ya hewa, na mvuto unaobaki ndani ungeweza kupasua tangi. Utando wa buibui tu.

Sasa kuna mchangiaji juu amekushauri uzibe mipira yote na "kuua" mfumo. Naomba usimfuate. Ukiziba njia ya mvuke, presha ya tangi haina pa kwenda siku ya jua kali, na mafuta yanapotumika mvuto unakosa hewa ya kuujaza. Ukiiacha wazi, mvuke unatoka pale unapoegesha, karibu na nyumba yako na watoto wako. Na taa itaendelea kuwaka, kwa hiyo siku injini ikipata tatizo la kweli, hutajua.

Jambo la mwisho kabla hujafuta msimbo tena. Kufuta hakuthibitishi kitu, kunarudisha tu majaribio kwenye sifuri. Magari mengi hayafanyi jaribio hili tangi likiwa chini ya asilimia 15 au juu ya asilimia 85, na mengi hutaka injini iwe imepoa kabisa kabla ya kuwashwa. Baadhi ya Toyota hulifanya gari likiwa limezimwa, baada ya kupita kama saa 5, na unaweza kusikia pampu ndogo ikinguruma usiku nyuma ya gari. Ukifuta huku umejaza pomoni, taa itakaa kimya mpaka mafuta yashuke, na utadhani umepona. Zile siku nne zako nadhani ndizo hizo. Weka nusu tangi, liache lilale, endesha kawaida, kisha uangalie kwenye mashine kama jaribio la mfumo wa mvuke limekamilika. Likikamilika bila msimbo, hapo ndipo umemaliza.

Kesho asubuhi kabla injini haijapata moto fanya kile kipimo cha kidole gumba, kisha uje uandike hapa ulichokisikia, plagi ikiwa imechomekwa na ikiwa imechomolewa. Nitaendelea na wewe kuanzia hapo.