Nimemaliza eda na nimeanza kucheka: je, nimemsaliti marehemu mume wangu?

SWALI

Assalaam alaykum shekhe. Mimi ni mjane wa hapa Mombasa. Mume wangu amefariki baada ya kuishi naye miaka 31, na eda nimeikamilisha. Juzi mwanangu wa kiume alinichukua tukapanda treni ya SGR kwenda Nairobi kumwona mjukuu. Sikuwahi kuipanda. Tulipofika Tsavo nikawaona ndovu, wekundu kwa vumbi, mtoto wao wamemweka katikati. Nikapiga ukelele na kucheka mpaka watu wakageuka. Usiku nililia sana, maana marehemu alikuwa akiniahidi safari hiyo. Tena asubuhi nikila mahamri na mbaazi najikuta nimeona utamu, kisha nakumbuka yeye hali tena, tonge linanikwama. Wifi yangu amesema nimemsahau kaka yake mapema. Je, nina dhambi?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, mama yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo, amsamehe, na akupe wewe ujira katika msiba wako.

Huna dhambi. Nimelitanguliza hilo ili uyasome yaliyobaki moyo ukiwa umetua.

Muda wa mjane kukaa matangani kwa ajili ya mumewe ameuweka Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Suratul Baqara, aya ya 234: miezi minne na siku kumi, na kwa mwenye mimba, katika Suratut Talaq aya ya 4, ni mpaka ajifungue. Ukiisha, umeisha. Nguo za rangi, wanja, udi nyumbani mwako, kutoka kwa heshima, vyote vimerudi kuwa halali kama vilivyokuwa. Hakuna binadamu, awe wifi, awe jirani, awe shekhe, mwenye haki ya kukuongezea hata siku moja.

Tazama alivyofanya Ummu Habiba, mke wa Mtume (s.a.w.), alipofiwa na baba yake, Abu Sufyan. Aliitisha manukato yenye rangi ya manjano, akampaka binti aliyekuwa naye, kisha akajipaka mashavuni. Akasema, Wallahi sina haja na manukato, ila nimemsikia Mtume akisema si halali kwa mwanamke anayemwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho kumkalia maiti matanga zaidi ya siku tatu, isipokuwa mume, miezi minne na siku kumi. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, na mimi kila nikiisoma nasimama hapo aliposema hana haja. Hamu haikuwepo. Huzuni ilikuwa bado mbichi, na bado alinyoosha mkono akajipaka, kwa sababu aliona kuendelea kuishi nako ni kutii. Wewe, mama, hamu imekurudia yenyewe, umemwona mtoto wa ndovu ukacheka. Hiyo ni rehema uliyoletewa bila kuiomba, ishukuru.

Linalokutesa zaidi, naona, ni kwamba ulicheka mchana ukalia usiku, ukajiona kama mnafiki kwa marehemu. Handhala, sahaba na mwandishi wa Mtume, alijishuku hivyohivyo. Akiwa mbele ya Mtume aliikumbuka Pepo na Moto kana kwamba anaviona. Akirudi kwa mkewe na watoto, akacheza nao, yale yanamtoka. Alitoka akisema, "Handhala amekuwa mnafiki!" Mtume akamwambia kwamba lau wangedumu katika hali ile, malaika wangepeana nao mikono vitandani mwao na njiani, lakini, ewe Handhala, saa na saa, yaani wakati wa hili na wakati wa lile. Alilisema mara tatu. Ikiwa hata kumkumbuka Mwenyezi Mungu moyo haukutakiwa ukae hali moja usiku na mchana, vipi utakiwe hivyo katika kumkumbuka mume?

Na hayo machozi yasikutishe. Mtume alipomwona mwanawe Ibrahim akikata roho alilia, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kinachokatazwa ni kuomboleza kwa makelele, kujipiga mashavu, kupasua nguo. Utalia hata miaka kumi ijayo ukipita mahali mlipokuwa mkikaa pamoja, na hakuna atakayekuandikia kosa.

Kuhusu chakula, Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akifiwa na jamaa, wageni wakishaondoka wakabaki watu wa nyumbani, anaamuru chungu cha talbina, uji wa shayiri, kisha hutengenezwa tharidi, yaani mkate uliomegwa katika mchuzi wa nyama, uji ukamiminwa juu yake, akawaambia wale. Alikuwa amemsikia Mtume akisema uji huo hutuliza moyo wa mgonjwa na huondoa baadhi ya huzuni. Baadhi, si yote. Basi kula mbaazi zako kwa bismillahi. Na tonge likikukwama, muombee marehemu maghufira papo hapo, kisha endelea kula. Ukikaa na njaa yeye hafaidiki. Dua yako na sadaka yako ndivyo vinavyomfikia. Ila ukiona siku nyingi zinapita huli wala hulali, nenda hospitali bila haya.

Sasa wifi yako. Maneno yake yamekuumiza, najua. Lakini naye amefiwa na kaka, na sheria imempa siku tatu tu. Hakuna aliyemkalia wala kumuuliza hali yake. Huenda akikuona unacheka anahisi amebaki peke yake na msiba.

Baada ya Bibi Khadija kufa, Mtume alikuwa akichinja mbuzi, anakata vipande na kuwapelekea marafiki wa Khadija. Siku moja huko Madina, Hala, dada yake Khadija, alibisha hodi. Mtume alisikia namna Khadija alivyokuwa akibisha, moyo ukamtikisika, akasema, "Ewe Mola, na awe Hala!" Alikuwa ameshaoa tena, ana nyumba na furaha zake, na Khadija yumo moyoni vilevile.

Usimjibu wifi yako kwa hoja, wala usimsomee fatwa hii. Mpelekee mahamri asubuhi moja, kaa naye, mwache akusimulie kaka yake alivyokuwa mdogo, kabla hujamjua. Na mwanao akipata nafasi ya safari nyingine, mchukueni naye.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.