Hedfoni zinanguruma kwenye kompyuta

SWALI: Assalaam aleikum. Mie nipo Wete, naandika mahojiano kwa laptopu, sasa nikichomeka hedfoni nasikia mngurumo mmmm na kamlio kembamba, kwenye simu ziko safi kabisa. Ninunue nyengine?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, usinunue kwanza, hedfoni zako nzima hizo. Chomoa chaja utumie betri halafu usikilize. Mngurumo ukikatika basi ni chaja, na hizi za pini mbili za bei rahisi ndo khasa zinavosumbua, hazina waya wa ardhi kwahivyo makelele ya umeme yanapita mpaka kwenye sauti, tafuta ya pini tatu lakini mwite na fundi apime soketi maana kuna nyumba tundu la tatu lipo ila ndani waya haujafungwa, na hilo ni hatari hata kwa roho yako si masikio tu.

Kwenye betri bado? Zima maikrofoni kwenye setingi, safisha plagi ya hedfoni kwa spiriti, hewa ya chumvi inakula chuma. Kamlio kakibadilika ukisogeza mausi, hako kanatoka ndani ya kompyuta, nunua kile kiadapta kidogo cha sauti cha USB, mara nyingi kinamaliza.