Uchochoro umeuchora, unaonekana, lakini programu bado inakuzungusha barabarani?

Mkuu, umeuliza kwa nini uchochoro uliouchora kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, unaonekana vizuri tu, lakini ukiomba njia ya miguu unapelekwa mpaka barabara kuu. Nachora mitaa ya Sinza, Tandale na Manzese hapa Dar es Salaam muda sasa, na ugonjwa huu mara nyingi ni mmoja: mstari wako haujaungana na barabara.

Programu haioni picha tunayoiona sisi. Inafuata nukta, na inahamia mstari mwingine pale tu mistari miwili inapotumia nukta ileile. Ukiishia nusu mita kabla ya lami, kwa macho umefika, kwa programu pale ni ukuta. Kuza ramani hadi mwisho, buruta nukta ya mwisho juu ya barabara mpaka inase. Fanya hivyo ncha zote mbili, na kila vichochoro vinapokutana. Ila kwenye maji usiunganishe! Vile vidaraja vya mbao vya Mto Ng'ombe vinapita juu, kwa hiyo kata kipande hicho cha njia, kiwekee lebo (maneno yanayoiambia programu mstari ni wa nini) bridge=yes, yaani daraja, na layer=1, yaani kiko juu, mto uendelee chini yake. Mvua za masika zikikibeba kidaraja, nenda ukakifute, maana kuna mtu atapelekwa pale.

Kama umeshaunganisha, subiri kidogo. Ramani ya tovutini hubadilika haraka, injini za kutafuta njia huchelewa, na za simu kama OsmAnd zinakudai upakue toleo jipya.

Lebo za uchochoro wenyewe ni highway=path na informal=yes. Hiyo ya pili haimkatazi mtu kupita, inasema tu kwamba njia ilitokana na miguu ya watu, hakuna aliyeijenga. Uchochoro uliomwagwa zege ni highway=footway, hauhitaji informal. Na usibandike foot=designated, yaani njia iliyotengwa rasmi kwa waenda kwa miguu, eti njia yako ipewe kipaumbele. Huko ni kudanganya.

Penye utata ni uani kwa watu. Uswahilini njia ya mkato inaweza kupita kati ya jiko na bafu la mtu, chini ya kamba ya nguo. Jirani anapiga hodi, anasalimia, anapita. Ukiichora kama njia ya wote, kesho mgeni anakatiza na simu mkononi bila hata kusalimia. Mimi huuliza wenyeji au mjumbe kwanza. Mwenye eneo akiwa ameruhusu, naandika foot=permissive. Asiporidhia sichori, hata kama ingeokoa robo saa. Geti linalofungwa usiku liwekee barrier=gate na foot:conditional=no @ (22:00-05:00), ingawa si kila programu inaisoma.

Kuhusu vibaka: ramani haina lebo ya "hapa pabaya", na sidhani inafaa iwepo. Andika unachokiona, kama lit=no pasipo na taa.

Usitegemee picha za setilaiti peke yake. Mabati yamebanana, kichochoro hakionekani, na GPS ya simu inarukaruka kati ya kuta. Picha za droni za Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani ya Dar es Salaam ulioanza 2015, ni kali zaidi, ila mitaa imebadilika tangu zipigwe. Pita kwa miguu, kisha ndiyo uchore.

Ikiendelea kugoma, weka hapa namba ya mstari wako tuukague.