Kwa wewe unayeanza kusimamia mkataba wa huduma za halmashauri

Ukipewa kusimamia mkataba ambao halmashauri imemkabidhi mbia binafsi kazi ya kuzoa taka, kukusanya ushuru au kuendesha mifumo ya kompyuta, usianzie ukurasa wa kwanza. Kurasa za mbele ni za wanasheria na ahadi za ushirikiano mwema. Anzia kwenye viambatisho: maelezo ya kazi, vipimo vya utendaji, jedwali la bei, utaratibu wa kubadilisha kazi. Migogoro mingi niliyoishuhudia ilitokea humo, kwenye kifungu ambacho kila upande ulikielewa kivyake na hakuna aliyeuliza kabla ya kusaini.

Chukua kipimo kimoja cha uzoaji taka. Mkataba unasema mapipa yatakayorukwa yasizidi moja katika kila elfu. Asilimia 99.9, nani atalalamika? Lakini kwenye halmashauri yenye kaya 100,000 zinazozolewa taka kila wiki, kiwango hicho kinaruhusu kaya 100 zirukwe kila wiki bila mbia kuvunja kifungu chochote. Sasa kaya hizo zikiwa ni zilezile, kwa sababu ziko kwenye kichochoro ambacho gari haliwezi kugeuza, ripoti ya mwezi itasomeka vizuri kuanzia juu hadi chini huku watu wa kichochoro hicho wakiishi na uvundo. Halafu uliza pipa linahesabiwa vipi kuwa limerukwa. Mara nyingi ni mpaka mkazi apige simu, tena kabla ya saa iliyopangwa. Asiyepiga simu hayumo kwenye hesabu. Na malalamiko yakifungwa kwenye mfumo kabla gari halijarudi mtaani, nayo yanaingia kama kazi iliyokamilika.

Kwa hiyo omba takwimu ghafi, mtaa kwa mtaa, tarehe kwa tarehe. Wastani pekee usiukubali. Na utoke ofisini. Asubuhi moja ukifuatana na wafanyakazi wa gari la taka utajua kwa nini njia fulani hairidhishi kuliko utakavyojua kwa vikao vya miezi mitatu. Mara nyingi wao wameshalisema hilo kwa wakubwa wao na halikufika kwako.

Jambo la pili ni hali ilivyokuwa kabla. Kama hakuna aliyeandika huduma iligharimu kiasi gani na ilikuwa ya ubora gani ilipokuwa mikononi mwa halmashauri, kila mwaka mtaletewa hesabu za fedha zilizookolewa na hamtakuwa na cha kuzilinganisha nacho. Ukikuta pengo hilo, liandikie taarifa mapema.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Kazi inapohamia kwa mbia, watu wanaoijua huhama nayo: fundi anayekumbuka bomba limepita wapi, karani anayejua kwa nini orodha ya walipa ushuru ina majina mawili ya nyumba moja. Halmashauri nyingi hubaki na ofisa mmoja au wawili wa kuidhinisha ankara, na hiyo haitoshi. Pigania wabaki angalau mtaalamu mmoja wa kazi yenyewe na mhasibu anayeweza kukokotoa bei upya kutoka kwenye jedwali. Mbia anapokuja na ombi la kuongeza kazi nje ya mkataba, na atakuja, maana aliyeshinda zabuni kwa bei ya chini sana hutafuta faida yake humo, nyie muweze kusema gharama halali ni ipi. Simlaumu kwa kutafuta faida. Ni kampuni, ina wenye hisa. Kulinda fedha za wananchi ni kazi yako.

Jihadhari pia na fedha za mkupuo na mikataba mirefu. Mwaka 2008 jiji la Chicago, Marekani, lilimkodisha mwekezaji binafsi mita zake za kulipia maegesho ya magari kwa miaka 75, likalipwa takriban dola bilioni 1.15. Madiwani waliidhinisha ndani ya siku chache tangu wapelekewe. Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa jiji hilo alikadiria kwamba thamani halisi ilizidi malipo hayo kwa karibu dola bilioni moja. Tena mkataba unalitaka jiji limfidie mwekezaji linapoziondoa mita kwenye matumizi, kwa mfano likifunga barabara. Baraza la leo linabanwa na uamuzi wa baraza lililoondoka. Kwa hiyo, rasimu ikifika mezani kwako na muda wa kuisoma ni mfupi, omba muda kwa maandishi, hata kama wewe ni mgeni ofisini.

Wala usidhani uwajibikaji umehama pamoja na kazi. Kampuni ya Carillion ya Uingereza ilipofilisika Januari 2018 ilikuwa na mikataba ya umma ipatayo 450, ikiwemo ya chakula cha shule. Huko Oxfordshire, halmashauri iliwaweka tayari wazima moto wake wapeleke chakula shuleni endapo huduma ingekatika. Watoto walikuwa wa halmashauri, na wazazi wangeiuliza halmashauri.

Kuhusu faini, zitumie kwa kipimo, lakini usizisamehe kwa mdomo. Mkikubaliana kumpa mbia nafasi ya kujirekebisha, siku hiyohiyo andika barua ieleze mwisho wa nafasi hiyo. Vinginevyo mwaka ujao atasema mlishazoea kumvumilia, na mwanasheria wenu hatakuwa na cha kushika.

Mwisho wa mkataba uanze kuuandaa mwaka wa kwanza. Nani anamiliki takwimu, namba ya simu ya huduma kwa wananchi, magari, nywila za mfumo? Usiridhike na kifungu kinachosema vitakabidhiwa. Kila mwaka omba nakala kamili ya takwimu, kisha wape mafundi wenu waifungue kwenye kompyuta za halmashauri bila msaada wa mbia. Isipofunguka, liweke suala hilo kwenye ajenda ya kikao kinachofuata, na lisitoke humo mpaka ifunguke.