Kurenda: mashine zenu au za kukodi mtandaoni?
Ndugu, umeuliza kama studio yenu ya watu watatu hapo Ntinda, Kampala, inunue mashine za kurenda (kompyuta za kugeuza michoro ya 3D kuwa picha kamili za video) au ikodi za mtandaoni. Piga hesabu kwanza: tangazo la sekunde 90, fremu (picha) 24 kwa sekunde, ni fremu 2,160. Fremu moja ikila dakika 10, mashine moja itakesha siku 15 mfululizo. Umeme utakatika mara ngapi hapo katikati?

Ningenunua mashine mbili zenye kadi nzuri za michoro, na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika). Za mtandaoni kodi tarehe ya mteja inapobana tu. Bili ni ya dola, na kupakia tekscha nzito (picha zinazovalishwa juu ya maumbo ya 3D) kunamaliza bando. Halafu tafadhali, usitoe video moja kwa moja. Toa picha mojamoja za EXR (aina ya faili za picha za ubora wa juu), umeme ukirudi uendelee ulipoishia.