Unataka kumjengea mzee gari lake la zamani? Soma hapa kwanza kabla hujakata kitu

Nawaandikia nyie mnaoanza, hasa wale ambao tayari una mtu kichwani, baba, babu, mjomba, mtu aliyekula miaka yake kwenye usukani wa gari fulani na unataka umpe mfano mdogo wa gari hilo hilo ukae juu ya kabati pale sebuleni. Hii kazi ni tofauti na kujijengea mwenyewe. Ukijijengea unaweza kuhangaika na injini mpaka uridhike, ila mzee ukimpa gari lake ataangalia vitu vitatu vinne anavyovijua yeye, na visipokuwepo hata ungemuwekea kila nati atakwambia asante mwanangu halafu basi. Kwahiyo kazi ya kwanza sio kukata, kazi ya kwanza ni umbea.

Mfano wangu utakuwa Land Rover 109 Series III, zile chesisi ndefu zilizotengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985, kwa sababu mzee wangu aliendesha moja ya hospitali ya misheni huko nyanda za juu kusini na ndio nililomjengea. Pia kwa anayeanza ni gari zuri sana, bodi yake ni mabati ya aluminiamu yaliyonyooka, mikunjo michache. Kama mzee wako alikuwa mtu wa Peugeot 504 pole sana, lile lina mbinuko kila mahali, anza na kitu kingine ujifunze mkono halafu ulirudie.

Sasa umbea. Usimuulize mwenyewe, atashtuka, waulize waliokuwa wanapanda. Mimi picha ilikuwepo moja tu na inaonyesha mbele, nyuma sikuwa najua chochote, nikamuuliza mama kijanjajanja tukiwa tunachambua mchele, akaniambia mlango wa nyuma ulikuwa haufungi vizuri ukafungwa na mpira wa chubu ya baiskeli, na kwamba dumu la maji lilikuwa linakaa kushoto nyuma ya siti ya dereva msaidizi maana ndipo yeye mama alikuwa anaegemeza miguu. Hivyo huvipati kwenye katalogi yoyote duniani. Andika kila kitu, bonde (pale bati lilipobonyea) liko wapi, keria ilikuwepo au haikuwepo, tairi la spea lilikaa juu ya boneti au ndani, namba za gari zilikuwa zipi. Namba usikosee hata herufi moja, bora uulize watu wawili.

Vipimo. Urefu wa 109 ni kama mm 4,445, upana mm 1,676, na kutoka kati ya tairi la mbele mpaka kati ya tairi la nyuma ni inchi 109, ndio jina lenyewe, sawa na mm 2,769. Seti nyingi za magari za dukani, zile za vipande vya plastiki vya kuunganisha, ni skeli ya 1/24, yaani dogo mara 24 kuliko gari lenyewe, ila kwa anayejenga kwa mkono nashauri 1/20, kwa sababu hesabu yake unafanya bila hata simu, unatoa sifuri moja halafu unagawa kwa mbili. Urefu unakuwa mm 222, upana 84, tairi mpaka tairi 138. Kama gari la aina hiyo bado lipo mtaani kwenu chukua futi ukaombe kulipima, wenye Landrova wanapenda kuulizwa kuhusu Landrova, utapimiwa mpaka usivyovitaka. Picha iliyopigwa kwa pembeni pembeni usiitumie kupimia urefu, itakudanganya, itumie kwa kuangalia vitu tu. Ukipata picha au mchoro wa ubavuni kabisa, pima tairi mpaka tairi kwa rula, tuseme umepata mm 92, unataka 138, gawanya 138 kwa 92 unapata 1.5, nenda stesheneri waambie wakutolee fotokopi ya asilimia 150. Hapo ramani yako ya kukatia iko tayari kwa bei ya fotokopi.

Kuna wanaouliza kwanini usinunue seti tu. Revell, kampuni ya Ujerumani ya seti hizo, wanayo hiyo hiyo Series III ya chesisi ndefu kwa 1/24, ni nzuri, kama una ndugu Ujerumani mwambie akuletee. Ila rangi za kopo na gundi zake asiweke kwenye begi la ndege, watamsumbua, hizo tafuta huku huku. Na hata kwenye seti ushauri wangu wa umbea uko pale pale, seti inakupa Landrova, haikupi Landrova ya mzee.

Kwa mabodi tumia ule ubao mweupe wa PVC wa mafundi wa mabango, wa milimita 3, vipande vyao vinavyobaki wanatupa au wanakuuzia kwa hela ya soda. Unakatika kwa kisu cha stesheneri, pitisha kisu mara nyingi kidogo kidogo usilazimishe kwa mara moja, na unashika supagluu vizuri. Usitumie lile povu jeupe linalokuja na TV mpya, supagluu inalila na sprei inalila, utabaki na shimo.

Kitu wengi wanakosea kwenye Landrova ni ubavu. Watu wanakata bapa moja kwa moja kutoka dirishani mpaka chini, gari linaonekana kama Series I. Kuanzia Series II kuja huku ubavu una kitumbo pale juu chini ya madirisha, kidogo tu lakini jicho linakiona. Bandika vipande viwili vya PVC pamoja halafu kula ile kona kwa msasa namba 240, malizia na 400, huku unalinganisha na picha. Taa za mbele ziwe kwenye madigadi, sio katikati pale kwenye grili.

Halafu juu ya PVC navisha ngozi ya kopo la soda. Kopo ni aluminiamu na gari lenyewe ni aluminiamu kwahiyo linakunja na linabonyea vile vile. Kata juu na chini ya kopo kwa mkasi (vaa glavu, ile kingo inachana kama wembe), ikunjue, isugue kwa msasa mpaka ule mng'ao uishe la sivyo rangi itakuja kubanduka kama ganda, paka gundi ya viatu nyembamba sana kwenye kopo na kwenye PVC, subiri mpaka ukigusa haikushiki kidole ndio ubandike, maana ikishashika hairudi. Riveti, vile vichwa vidogo vya pini zinazoshikilia mabati, zinatengenezwa kabla ya kubandika, unageuza kipande juu ya gazeti lililokunjwa unabonyeza kwa kalamu ya biki iliyoisha wino, kwa mstari uliopigwa rula. Na bonde la digadi la kushoto, lile mzee alilolipata kwa kugonga kisiki cha mti, unachimba kwanza PVC chini yake shimo la kina kidogo, unavisha kopo, halafu unabonyeza taratibu kwa mgongo wa kijiko cha chai. Linatoka bonde la ukweli, na mikunjo yake pembeni. Binafsi hapo ndipo natumia muda mwingi kuliko sehemu yoyote, injini sikuweka kabisa na boneti nilibandika isifunguke.

Matairi msitafute mbali, ndala. Tairi la 750-16, ndio saizi ya Landrova hii, kwa 1/20 linakuwa kama milimita 40 kipenyo na 9 au 10 unene, soli ya ndala ya kawaida iko karibu na hapo, ukisugua kidogo inakaa. Tafuta nyeusi. Kata kwa bomba la chuma lililonolewa mdomo au kwa wembe ukifuata duara, toboa katikati, weka kwenye msumari ushikilie kwa drili inayozunguka pole pole huku umeegesha msasa, linatoka duara safi. Vimeno vya tairi kata na wembe mpya mmoja mmoja, inachosha, weka redio.

Vioo vya madirisha ni kava za plastiki za kubaindi za stesheneri. Supagluu usiisogeze hapo, moshi wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki na hautoki, tumia gundi nyeupe ya mbao ikikauka haionekani.

Rangi sasa. Mliopo Dar, Tanga na pwani yote, kipindi cha masika usipulize asubuhi wala usiku, unyevu unaingia kwenye rangi inakuwa na weupe kama imepakwa unga, subiri saa saba mchana siku yenye jua, ila pulizia kivulini. Praima (rangi ya msingi) kwanza, kisha rangi nyembamba nyembamba kutoka sentimita 25 hivi, kila mkono uache ushike kabla ya mwingine. Anza na rangi isiyokolea, paa na rimu zile za rangi ya chokaa, ziba kwa masking tepu ndio upulize kijani. Na usichanganye rangi za aina tofauti bila kujaribu kwenye kipande cha kutupa, sprei ya magari juu ya rangi ya mafuta inakunjamana yote.

Ikishakauka ling'arishe? Hapana. Gari la kazi likiwaka linaonekana toi. Mimi nilichukua udongo mwekundu wa kule kule, nikauchuja kwa soksi ya nailoni mara kadhaa, nikapaka kwa brashi ya vipodozi kwenye madigadi kwa ndani na chini ya milango, halafu nikapuliza vanishi isiyong'aa kwa mbali. Usizidishe, dereva wa zamani alikuwa analiosha gari kila jumamosi na ukimuonyesha gari chafu sana atakasirika kweli.

Mwisho usafiri, maana wengi tunapeleka mkoani kwa basi. Gari lifungwe kwa skrubu mbili kutoka chini ya ubao linaposimama kuingia kwenye chesisi, sio gundi, na fundi wa madirisha ya aluminiamu anaweza kukutengenezea kisanduku cha kioo. Lipakate, usikubali konda aliweke kwenye buti. Vioo vya pembeni vya kwenye madigadi na waipa usibandike kabla ya safari, viweke kwenye kopo dogo na supagluu yako, ukifika omba chumba dakika kumi ubandike ndio umuite mzee.